Tamko la Wachongaji wa Kiringye na Bonde la Ruzizi: Kazi Ionekane Kwao, Itoke na Jina la Aliyeichonga

Sisi wachongaji wa Kiringye, pamoja na wenzetu wa Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba na mji wa Uvira, tumekutana Kiringye, katika usultani wa Bafuliiru, teritwari ya Uvira, jimbo la Kivu Kusini, tukajadili hali ya kazi yetu na nafasi za sanaa zinazotangazwa ndani na nje ya Kongo. Baada ya mashauriano tumekubaliana kulitoa tamko hili kwa wananchi wote, kwa viongozi wa kimila na wa serikali, kwa makanisa, shule, redio na mashirika, na kwa kila anayenunua kazi za mikono katika bonde hili.

Tamko lina neno moja lenye pande mbili. Kazi ya bonde ionyeshwe bondeni kwanza. Na ikitoka, itoke na jina la aliyeichonga. Mengine yote yanayofuata hapa chini ni maelezo ya neno hilo na njia ya kulitimiza.

1. Sisi ni akina nani

Chama chetu kinawaunganisha wachonga sanamu na vinyago, wachonga vinu, viti, ngoma na mitumbwi, wafinyanzi wa vyungu, na vijana wanaounganisha vyuma chakavu kuwa sanamu. Wamo wanaume na wanawake. Nyumbani tunasema Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kishi, Kirega, Kinyamulenge na Kirundi. Mkutanoni tunasema Kiswahili, na daftari la chama halina safu ya kabila. Hatuna chama cha siasa wala kundi la silaha linalotuunga mkono, na hatulitafuti.

Wengi wetu hatukuingia shule ya sanaa. Shule yetu ilikuwa kinu. Bonde hili ni la mpunga, muhogo na mahindi, na kila nyumba inahitaji kinu na mchi wake. Gogo bichi huachwa kivulini, ncha zake zikipakwa udongo ili lisikauke upesi na kupasuka. Fundi huanza shimo kwa tezo, akaendelea kwa patasi ya mpini mrefu, huku akiupima unene wa ukuta kwa kugonga nje na kusikiliza. Mlio ukiwa mzito, mti bado ni mnene. Ukianza kulia juu, asimame. Kijana aliyetoboa vinu bila kupasua magogo ya watu ndiye anayepewa kipande cha kuchonga uso wa mtu.

Tunalieleza hili kwa sababu fomu nyingi za maonyesho huuliza diploma. Anayeulizwa hivyo huiacha nafasi hiyo wazi, na fomu yake haisomwi tena, ingawa amekaa miaka mingi chini ya mkono wa fundi wake. Tunawaomba waandaaji watambue kwamba kukaa kwa fundi ni masomo, na barua ya fundi ni ushahidi.

2. Hasara ya zamani: kazi iliyoondoka bila jina

Mwambao wa Ziwa Tanganyika na milima inayouzunguka ni nchi ya wachongaji tangu zamani. Wabembe wana vinyago vyao vya alunga. Wabembe, Wabasikasingo na Waboyo walichonga sanamu za mababu, ambazo mtafiti Daniel Biebuyck alizitungia kitabu kizima mwaka 1981. Warega, kwa ajili ya chama chao cha bwami, walichonga sanamu ndogo za mti, mfupa na pembe ambazo leo zimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani.

Jinsi baadhi ya sanamu za mwambao huu zilivyofika huko inajulikana. Mwaka 1884 Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala kwenye ziwa hili hili, aliamuru kushambuliwa kwa mtawala wa Watabwa aliyeitwa Lusinga. Lusinga aliuawa, na sanamu ya ukoo wake ikachukuliwa. Sanamu hiyo ipo hadi leo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Jina la Lusinga tunalijua, na la Storms tunalijua. Aliyeichonga haitwi kwa jina.

Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vya Kongo vilivyomo Tervuren. Juni mwaka huohuo mfalme wa Ubelgiji alileta Kinshasa kinyago cha kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na kikomo, na kikawekwa katika Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2019. Tunayapokea hayo kwa mikono miwili. Lakini katika kumbukumbu za namna hii mara nyingi utasoma jina la aliyekusanya na jina la kabila. Jina la mchongaji ni nadra. Kitu kinaweza kurudi, na mwenyewe asirudi.

Upo mfano mmoja unaotupa moyo. Kaskazini ya Katanga, ng'ambo ya milima, alikuwako fundi wa Waluba ambaye wataalamu wa Ulaya walimtambua kwa nyuso ndefu zenye huzuni alizochonga kwenye viti vya watawala. Kwa kuwa hawakujua jina lake, walimwita Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji. Baada ya miaka mingi watafiti waliuliza wenyeji, wakatajiwa Ngongo ya Chintu. Mwaka 2010, kiti kinachohesabiwa kuwa cha mkono huo kiliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 5. Wachongaji wote wajiulize: jina la Ngongo lilihifadhiwa na nani? Lilihifadhiwa na watu wa kwao waliokuwa bado wanalikumbuka, wala halikuandikwa kwenye kiti. Sisi hatutaki kuitegemea bahati hiyo.

3. Hasara ya leo: kazi inayoombwa iondoke bila jina

Haya yasije yakadhaniwa ni mambo ya wakati wa wakoloni. Mnunuzi wa leo huja na simu. Ndani yake kuna picha ya kinyago cha makumbusho, naye anaomba kinachofanana. Kikikamilika anaomba zaidi: kifukizwe moshi jikoni, kifukiwe siku kadhaa kwenye udongo wenye maji, kigongwe ukingo mmoja, kipakwe mafuta na masizi mpaka kionekane kimechezewa ngoma na mababu. Wengine huomba mti mweupe upakwe rangi ya viatu ili uitwe mpingo. Na kila mara huwa na sharti moja, kwamba mchongaji asiandike jina wala mwaka.

Sharti hilo lina maana yake. Kazi yenye jina na mwaka haiwezi kuuzwa kuwa ya kale. Mchongaji hulipwa bei ya kinu, na mahali pengine kitu kilekile huuzwa kwa bei ya urithi. Hasara ni tatu kwa mpigo: mnunuzi wa mwisho amedanganywa, fundi ameibiwa, na vitu vya kweli vya wazee wetu vimechanganywa na vya jana hata wajukuu wetu wasiweze kuvitofautisha. Pia sheria ya nchi yetu ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, kwa hiyo fundi anayekizeesha kitu kipya anajitafutia taabu mpakani kwa kitu ambacho ni chake halali.

Kwa hiyo tunatangaza kuwa mwanachama wetu hatazeesha kazi. Akichonga kwa kuiga kazi ya wazee ataandika chini yake kwamba ni mwigo, ataandika jina lake na mwaka. Vitu vya bwami, na vingine ambavyo wenye mila wanavihesabu kuwa vya siri, havitachongwa kwa ajili ya soko bila idhini ya wenye mila hiyo.

4. Nafasi zilizopo na sababu ya kutotufikia

Tumezipanga nafasi za sanaa kwa umbali, kuanzia nyumbani.

Bondeni na Uvira. Hapa ndipo penye watu wanaotujua, na hapa ndipo tusipoonekana. Makanisa yanahitaji misalaba, mimbari na sanamu za watakatifu. Shule na hospitali zinahitaji vibao na mapambo. Maeneo ya kumbukumbu yanahitaji alama. Mfano ni Sange, ambako tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto, likaua watu zaidi ya 230. Au kingo za mto Mulongwe mjini Uvira, ambako mafuriko ya Aprili 2020 yalichukua watu na nyumba. Popote kumbukumbu ya namna hiyo inapojengwa au kukarabatiwa, zabuni huwafikia wajenzi, na wachongaji husikia kazi ikiwa imekwisha.

Bukavu. Makumbusho ya Kivu ya mapadri Waxaveri, yenye mkusanyo mkubwa wa kazi za Warega, ni darasa lililo karibu kuliko mengine yote. Mchongaji wa Kiringye akipewa siku moja ya kuzitazama kazi hizo kwa macho yake, akageuza kichwa kuona mgongo wa sanamu ulivyokatwa, atapata kile ambacho picha ya simu haimpi.

Kinshasa na Lubumbashi. Akademia ya Sanaa ya Kinshasa ilianza 1943 ikiwa shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi, ikahamia Kinshasa 1949. Huko ndiko alikosomea Freddy Tsimba, aliyezaliwa 1967, ambaye sanamu zake za maganda ya risasi na mapanga zimefika Paris. Lubumbashi kuna maonyesho ya kila baada ya miaka kadhaa yaliyoanzishwa 2008 na kituo cha sanaa kiitwacho Picha. Kwa mtu wa bonde, miji hii iko mbali kuliko nchi za jirani. Hakuna barabara nzuri ya kumfikisha huko na sanamu yake, na nauli ya ndege inapita bei ya kazi anayoibeba.

Hapa tunatoa onyo kwa vijana wetu. Mfano wa Tsimba ni mzuri, lakini bonde letu limepiganiwa mara nyingi, na si kila chuma kilicholala shambani ni ganda tupu. Asiwepo anayeokota, kugonga au kuchomelea kitu asichokijua. Kikionekana chuma cha vita, kiwekewe alama, watu wakae mbali, viongozi wa kijiji wajulishwe. Chama hakitaonyesha kazi yoyote iliyotengenezwa kwa mabaki ya vita ambayo wajuzi hawajathibitisha kuwa ni salama.

Bujumbura na Afrika Mashariki. Kutoka Uvira, mji wa Bujumbura unaonekana ng'ambo ya ncha ya ziwa. Pale Musée Vivant, makumbusho yaliyoanzishwa 1977, mafundi hufanya kazi mbele ya wageni. Dar es Salaam kuna kijiji cha wachongaji cha Mwenge, kuna Nafasi Art Space inayowapokea wasanii tangu 2008, na kuna Biennale ya Sanaa ya Afrika Mashariki iliyoanza 2003. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina tamasha lake la utamaduni, JAMAFEST, lililoanza Kigali 2013, likafuata Nairobi na Kampala, kisha Dar es Salaam mwaka 2019. Matamasha hayo manne yalifanyika wakati Kongo ilikuwa haijaingia katika Jumuiya. Nchi yetu ilitia saini mkataba wa Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, kwa hiyo leo mlango huo ni wetu pia, na mlangoni humo Kiswahili chetu kinatosha.

Kwa nini basi hatufiki? Sababu ya kwanza ni kwamba habari hutangazwa kwa Kifaransa au Kiingereza, kwenye mitandao, na hutufikia ikiwa siku ya mwisho imepita. Ya pili, fomu hudai picha nzuri za kazi, maelezo ya maisha na vipimo, ilhali simu zetu huchajiwa kwa sola ya jirani kwa malipo. Ya tatu ni karatasi za safari, kwani wengi wetu kitambulisho chetu ni kadi ya uchaguzi. Ya nne ni vita. Januari 2025 vilifika Goma, Februari vikafika Bukavu, Desemba vikafika Uvira. Njia zikifungwa, msanii anayetegemea mji wa mbali hana pa kwenda na kazi yake. Ndiyo maana tunasema onyesho la kwanza liwe la nyumbani. Mcheza kwao hutunzwa, hata siku ambayo mpaka umefungwa.

5. Kuhusu miti

Hatuwezi kudai heshima ya kazi yetu huku tukimaliza miti. Milima ya juu ya bonde imevuliwa miti kwa ajili ya makala na mashamba, na mafuriko tuyaonayo yanahusiana na hilo. Miti ya mvule na libuyu inazidi kuwa ghali na kutoka mbali. Chama kinakataza mbao zinazokatwa ndani ya hifadhi ya Itombwe, na kinakataza pembe za ndovu, ambazo biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1990. Wazee walioichonga pembe walikuwa na ndovu, sisi hatunao.

Wenzetu Wakamba wa Kenya wametutangulia katika hili. Mpingo na muhugu ulipowaishia, wachongaji wengi walihamia mwarobaini, mti unaoota upesi karibu na nyumba. Ushirika wao wa Changamwe, Mombasa, ulioanza 1963, umempa kila mchongaji nambari inayowekwa kwenye kazi yake, na kazi ikiuzwa fedha zinajua pa kwenda. Tunachukua mambo yote mawili kutoka kwao. Mwembe usiozaa tena, grevilea, jakaranda, mizizi ya mikaratusi iliyong'olewa, na magogo yanayotupwa ufukoni na ziwa, hayo yatoshe kwa sanamu. Na kila anayekata mti mmoja wa kuchonga apande mitatu, aionyeshe kwa mjumbe wa chama ikiwa imeshika.

6. Maazimio yetu

Tumeazimia yafuatayo, na tunakubali kupimwa kwayo.

Kwanza, kila mwaka wakati wa kiangazi, barabara ikiwa kavu na mavuno yakiwa yameingia, tutafanya onyesho la wazi Kiringye. Kiingilio ni bure. Kazi zitawekwa juu ya meza kwa jina la mchongaji na bei iliyoandikwa, na mafundi watachonga mbele ya watu. Wanafunzi watapewa asubuhi nzima ya kwao.

Pili, tunafungua daftari la kazi. Kila sanamu itakayopita katika chama itaandikwa nambari, jina la mchongaji, kijiji, aina ya mti, urefu, uzito na mwaka, na itapigwa picha mbele na nyuma, juu ya kitambaa cha rangi moja, kwa mwanga wa asubuhi. Nakala ya ukurasa huo itakwenda na mnunuzi, naye afisa wa mpaka akiisoma atajua kuwa kitu ni kipya. Daftari hilohilo litakuwa jibu letu kwa fomu zinazodai picha na vipimo.

Tatu, katibu wa chama atatafsiri kwa Kiswahili kila tangazo la maonyesho, mafunzo au shindano atakalolipata, ataeleza siku ya mwisho, masharti na nani analipa nauli, kisha atalipeleka kwenye redio za Uvira na za bonde. Tangazo linalomdai mchongaji atume pesa kwa simu ili aandikishwe halitasomwa na chama. Vijana wetu wamekwisha kulipa mashindano yasiyokuwepo, na inatosha.

Nne, kwa kila nafasi inayokubali watu wawili au zaidi, mmoja atakuwa mwanamke. Binti anayetaka kushika tezo asiambiwe ni mwiko. Fundi atakayemfukuza kwa sababu hiyo atajibu mbele ya mkutano.

Tano, asilimia 10 ya mauzo ya onyesho itaingia kwenye kasha la chama kwa kazi mbili tu: nauli ya anayekwenda kuonyesha au kujifunza, na vyombo vya wanafunzi. Hesabu itasomwa hadharani kila baada ya onyesho. Anayesafiri kwa kasha la chama akirudi atawafundisha wenzake alichokiona kabla ya kudai nafasi nyingine.

7. Tunayoomba

Kwa mwami, mtawala wetu wa kimila, na viongozi wa kijiji: tunaomba kiwanja cha onyesho, na sehemu ya kupanda miti ya kuchongea itakayolindwa dhidi ya moto na mifugo. Tunaomba pia wazee wenye majina ya wachongaji wa zamani watuite tuyaandike. Mzee wa mwisho anayejua nani alichonga ngoma ya ukoo akiondoka, jina hilo haliwezi kutafutwa kwenye orodha ya Tervuren.

Kwa serikali ya teritwari na ya jimbo: tunaomba kazi za kumbukumbu, sanamu na mapambo ya majengo ya umma zitangazwe hadharani kwa Kiswahili pia, na wachongaji wa bonde waitwe kushindana. Tunaomba ofisi ya utamaduni itupe karatasi moja rahisi ya kuvukisha kazi mpya mpakani Kavimvira na bandarini Kalundu, ili askari wasijitungie ushuru. Sheria ya haki za watunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamhusu mchongaji kama inavyomhusu mwimbaji. Tunaomba SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, ifike bondeni ituandikishe, isiishie kwa wanamuziki wa mijini.

Kwa makanisa na shule: kabla ya kuagiza msalaba au sanamu kutoka mbali, ulizeni kwanza hapa. Mkiona kazi haijafikia kiwango, tuambieni kasoro yake, tutairekebisha. Tunaomba mafundi wapewe saa moja kwa juma darasani, wafundishe kwa mikono.

Kwa waandaaji wa maonyesho, makumbusho na mashirika: tangazeni kwa Kiswahili, mapema, kwa sauti na si kwa maandishi peke yake. Pokeeni barua ya fundi mahali pa diploma. Lipeni nauli kabla ya safari, kwa sababu mchongaji hana akiba ya kukopesha tamasha. Na mnapoandika kibao cha kazi, andikeni jina la mtu, kisha kijiji, kisha kabila kama mwenyewe anataka.

Kwa wenzetu walioko kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale, na walioko Bujumbura, Ulaya na Amerika: mnasoma matangazo ambayo hayatufikii. Yatumeni kwa chama siku mnayoyaona, msingoje yaive. Kazi za wazazi mlizoondoka nazo, andikeni nyuma yake nani alizichonga, ilhali bado mnakumbuka.

Kwa mnunuzi, awe mgeni au mwenyeji: ukinunua sanamu katika bonde la Ruzizi, igeuze utazame chini. Ukikuta jina na mwaka, umenunua kazi halali ya fundi aliyelipwa. Usipolikuta, muulize muuzaji kwa nini, na kama hana jibu usinunue.

Limetolewa Kiringye, teritwari ya Uvira, jimbo la Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa niaba ya wanachama wote: Mwenyekiti, Katibu na Mtunza Hazina wa chama cha wachongaji.